Ungo Haupepeti Wakubwa

Mke wangu aliuawa na watu saba wasiojua majina yao.

Nikisema hivyo kilabuni watu hunitazama kama pombe imenipanda. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa sheria hakuna kosa. Watu saba waliangukiwa na kura, wakavishwa Ungo, wakasahau wao ni nani, wakaulizwa swali, wakajibu. Jibu likateremka mpaka kitandani kwa Kalunde. Nesi akamchomoa mipira miwili mkononi, akasema, "Pole mama, umri umefika." Alisema kwa upole. Mpaka leo kinachoniuma ni ule upole.

Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mashine ya kusafisha damu, walisema, mji mzima ni moja.

Nilizunguka kutafuta wa kumkunja shati. Nesi akasema si yeye, ni Kanuni. Daktari akasema ni Kanuni. Diwani akafungua mikono kama padri, akasema Neno la Ungo hata yeye haligusi. Nikawatafuta wale saba. Nilimpata mmoja, mwuza mkaa, akaniambia, "Kaka, nakumbuka chai waliyonipa asubuhi. Baada ya hapo, sijui." Enzi za baba yangu, mtu akidhulumiwa alijua mlango wa kwenda kutukana. Hawa wametujengea dhuluma isiyo na mlango.

Basi siku bangili yangu ya uraia ilipotetemeka, nilikuwa juu ya mti nafukiza mzinga. Nyuki kichwani, moshi machoni, na ile sauti tamu ya kike inatoka kwenye bangili: "Ndugu Mihambo Kapaya, kura imekuangukia. Utapepeta Kanuni ya Kitanda, ambayo muda wake unaisha. Hongera."

Nikacheka peke yangu mtini mpaka nikang'atwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, Nyamizi, mdogo wake Kalunde. Alikuwa barazani anamenya karanga, miguu imevimba. Ugonjwa uleule, ni wa kwao. Kitanda kilekile alichotolewa dada yake ndicho anacholazwa yeye siku za kusafishwa damu. Na mwezi ujao anatimiza hamsini na tano.

"Usinitazame hivyo, shemeji," akasema. "Unanipimia sanda?"

Nikamweleza. Akaacha kumenya.

"Ukifika huko kwenye Ungo wenu," akaanza, "mimi nataka..."

"Niachie mimi," nikamkata. "Safari hii nitawaonyesha."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye karanga zake.

*

Kabla ya kuvishwa Ungo unasomeshwa asubuhi nzima. Mwalimu wetu alikuwa Profesa Lwitiko Mwaisumo mwenyewe, Mtunga Maswali wa kanda. Mtu msafi, viatu vinang'aa, anacheka na kila mtu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini alivyoeleza hata mbuzi angeelewa, siwezi kumnyima haki yake.

Alisema zamani mfalme alitawala kwa sababu alidai Mungu ndiye aliyemweka, na aliyebisha alikatwa kichwa. Wakaja wenye kufikiri, wakasema hapana, serikali ni mapatano: watu waliogopa kuuana, wakakubaliana kumpa mmoja rungu. Wengine wakaongeza: aliyepewa rungu akilitumia vibaya, anyang'anywe. Ndipo zikazaliwa kura na katiba. Lakini kura nazo, akasema, kila mtu anapigia tumbo lake. Tajiri anapigia utajiri, mzee anapigia wazee, Mhaya anampigia Mhaya. Hapo akatokea aliyeuliza: je, ingekuwaje kama anayekata keki hajui atapewa kipande kipi? Angekata sawasawa. Watu wakaishi na wazo hilo kwenye vitabu miaka mingi. "Sisi," akasema Profesa, akagusa kile kidude mezani, "tumelitoa kitabuni, tukaliweka kichwani."

Jina lake la serikali ni Kiti cha Usawa. Watu wakakiita Ungo, kwa sababu ni duara la waya na sumaku linaloshushwa hadi kwenye nyusi, na kwa sababu linapepeta: jina lako, mali yako, kabila lako, umri wako, vyote vinaruka kama makapi. Wapo waliosema ni Ungo kwa sababu nyingine, ya wanaosafiri usiku uchi. Mimi nilikuwa kundi hilo.

Nikanyoosha mkono. "Profesa, samahani. Wewe umeshawahi kuuvaa?"

Profesa akatabasamu. "Mzee wangu, anayechonga kinu hana haja ya kutwangwa ndani yake."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili asijue nimelihifadhi neno hilo.

Tulipotoka kwenda kupimwa vichwa, nani kashika utepe wa kupimia? Mwavita binti Kibwana, Mzaramo, mtani wangu.

"Mpagazi," akaniambia bila hata salamu, "leo umekuja mikono mitupu? Mzigo umeuacha wapi?"

"Nimeuacha pwani, umelala chini ya mnazi unasubiri nazi idondoke yenyewe."

"Kichwa kikubwa hiki, ubongo nautafuta siuoni. Geuka."

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tumetaniana tangu babu zetu walipobeba pembe mpaka Bagamoyo, na babu zao wakawapokea kwa matusi na uji. Kalunde alipokufa, ndugu zangu walilia. Mwavita hakulia. Aliingia ndani, akavaa kanga ya marehemu, akatoka anatembea kama yeye, bega moja juu, ananigombeza kwa sauti yake: "Mihambo, hizo nta zako ndani ya sufuria yangu!" Waombolezaji wakacheka mpaka wakalia upya. Kisha akaruka kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka nikiri mbele ya watu kwamba nilitaka kumbeba mke wangu kichwani mpaka makaburini nisikodi gari. Nikakiri. Ndiyo dawa yetu sisi. Mtani ndiye mtu pekee duniani anayeweza kukutukana mbele ya jeneza ukapona.

Profesa hakuyajua haya. Alimchagua Mwavita awe msoma swali kwa sababu ni mtu wa pwani, huku hana shangazi wala mjomba. Akaandika: hana uhusiano na wenyeji. Msomi mzima.

Mwavita akainama sikioni kwangu, utani umemtoka usoni. "Mle ndani sitajua nani yuko kibanda gani. Na sitaki kujua. Usiniingize matatani, mtani. Kazi hii ndiyo inayonilisha."

"Nani kasema lolote?"

"Nakujua wewe. Una jambo."

Nilikuwa nalo. Kwenye shavu, nyuma ya jino, nilikuwa nimeficha uzi niliouchomoa kwenye ile kanga ya Kalunde. Niliwaza: watanipepeta kila kitu, lakini ulimi utaugusa uzi, na uzi utaniambia mimi ni nani.

*

Sasa hapa nashindwa kusimulia sawasawa, maana aliyekuwemo kibandani hakuwa mimi.

Walinichoma sindano ya maji ya bluu. Mwili ukafa ganzi kuanzia shingoni, usijue kama una matiti au ndevu, kama magoti yanauma kwa uzee au la. Ungo ukashuka. Ukanguruma kidogo, kama mzinga ukiuwekea sikio. Halafu kile kinachosema "mimi" ndani ya mtu kikalala.

Usidhani niligeuka mjinga. Nilijua mahindi hupandwa mvua zikianza. Nilijua hospitali ni nini, maumivu ni nini, kufa ni nini. Nilichokuwa sikijui ni nani anayejua. Ulimi uligusa kitu kama uchafu nyuma ya jino. Nikautema.

Naam. Nilimtema Kalunde kama ganda la karanga. Na serikali inaita hiyo haki.

Sauti ikasoma kwenye spika: "Mashine ni moja. Wanaoihitaji ni wengi. Hujui kama wewe ni kijana au mzee, mgonjwa au mzima. Je, mashine impe nafasi mwenye miaka mingi mbele yake, na aliyefikisha hamsini na tano aondolewe?"

Utaratibu ni huu: kila mmoja anatoa jibu na sababu, wote wanasikia, kisha mzunguko wa pili unathibitisha. Ndiyo za wote saba zinaipa Kanuni miaka kumi mingine. Hapana moja inaiua. Na sauti za wote saba hupitishwa kwenye chombo, zinatoka sauti moja, si ya mume si ya mke; ya msoma swali tu ndiyo hubaki kama ilivyo.

Wakaanza. Ndiyo, kijana hajaonja bado. Ndiyo, naweza kuwa mtoto. Ndiyo. Zamu yangu ilipofika, nikasema:

"Ndiyo. Aliyekaa karamuni muda mrefu ampishe mwingine."

Mimi. Mdomo huu. Na nitakuambia kitu kinachonitia hasira kuliko vyote: palepale nilipokuwa si mtu, lilikuwa jibu zuri. Hata leo nikilitazama silioni kasoro yake. Ukimtoa Kalunde duniani, hesabu inakaa sawa.

Saba wote wakasema ndiyo. Msoma swali akataka kufungua mzunguko wa pili, akakohoa. Akakohoa tena. Na yule asiye mtu kibandani, asiyejua jina lake wala la mama yake, akasikia lile koo na lile buruta la maneno ya pwani, na kitu kikamtoka kama chafya:

"Koo limekukauka, Mzaramo? Nazi zimekwisha pwani?"

Waliotengeneza Ungo hawana watani. Wangejua kwamba utani haukai mahali linapokaa jina. Unakaa kule kunakokaa kutembea, kule kunakokaa kumeza mate.

Na Mwavita naye ni mtu. Utani ukirushwa, mtani haulizi yuko kazini au wapi. Akajibu kabla hajafikiri:

"Nyamaza, mpagazi wee, uliyetaka kumbeba mkeo kichwani mpaka makaburini!"

Mpagazi. Mke. Makaburi. Vikarudi kimoja kimoja, halafu vyote kwa pamoja, kama mtu anayemwagiwa gunia la mawe. Mihambo. Mizinga. Bega moja juu. Sufuria yenye nta. Nikaanza kulia na mikono ya kujifutia sina, imekufa ganzi.

Nikasikia spika ya kibanda changu ikikatwa.

*

Profesa Lwitiko alishuka mwenyewe kutoka chumba cha juu anakotazamia. Mwavita nyuma yake, uso umemparama. Profesa akavuta kiti, akakaa karibu, akanifuta machozi kwa leso yake. Kwa upole. Na yeye.

"Mzee Mihambo," akasema, "umerudi, sivyo?"

"Nimerudi."

"Pole sana. Basi tuseme kweli kama watu wazima. Najua kuhusu mkeo. Najua kuhusu shemeji yako. Ukisema hapana sasa, nitatangaza Ungo wako ulivuja, kikao nitakifuta, nitaita saba wengine, nao watasema ndiyo. Watu wasiojijua husema ndiyo siku zote. Ni swali zuri, nimelitunga kwa makini."

"Na nikisema ndiyo?"

Akasogea. Alinukia sabuni ya bei. "Ukisema ndiyo, shemeji yako haondolewi. Anapanda juu tu."

"Juu wapi?"

Alitambua kwamba amekwisha kusema. Lakini watu wa namna ile wakishakuona umeishia darasa la nne, hawaogopi kuongea mbele yako, kama wasivyoogopa kuvua nguo mbele ya kuku.

"Ghorofa ya juu kuna mashine nyingine. Ndogo. Kwa ajili ya wanaobeba majukumu. Taifa haliwezi kumpoteza jaji au kamishna kwa sababu ya foleni, hilo unalielewa. Nafasi ya mtu mmoja haikosekani."

Nikamtazama Mwavita. Hakuwa anajua, niliona.

"Swali linasema mashine ni moja," nikamwambia.

"Mashine ya *umma* ni moja."

"Kwa hiyo Kalunde..."

"Mzee wangu, sikukujua wakati ule."

Hebu fikiria. Mke wangu hakuuawa na wale saba. Wale walikuwa watu wa haki, waliulizwa uongo wakajibu kweli. Keki ilikatwa sawasawa kabisa, ila nusu yake ilikuwa imekwisha kufichwa kabatini kabla kisu hakijaletwa. Ndiyo maana mchonga kinu hataki kutwangwa. Miaka mia ngapi wanabadilisha maneno, mara Mungu, mara mapatano, mara kura, mara Ungo, na kila mara kuna ghorofa ya juu.

Na bado moyo uliniambia: sema ndiyo. Neno moja. Nyamizi ataishi. Kalunde angeniambia nini nikimwacha mdogo wake afe kwa ajili ya watu nisiowajua? Wale wagonjwa wa foleni si ndugu zangu. Wala wazee watakaochomolewa mipira miaka kumi ijayo. Nimebaki na ndugu mmoja wa upande wake, mmoja tu, miguu imevimba, anamenya karanga.

"Washa spika," nikasema. "Nitajibu."

Profesa akanipigapiga begani, bega lisilohisi kitu. "Busara," akasema. Akampa ishara Mwavita.

Mwavita akawasha. Nikavuta pumzi.

"Hapana," nikasema. "Na sababu yangu hii hapa. Mashine si moja. Ghorofa ya juu ipo ya pili, ya wakubwa, na aliyetunga swali anaijua. Ninyi hamjui kama ninyi ni wakubwa au wadogo. Basi niambieni, mnakubali?"

Profesa akaruka. "Zima!"

Kidole cha Mwavita kilikuwa juu ya kitufe. Nilikiona. Mkate wake wote ulikuwa chini ya kidole kile.

"Zima, wewe mwanamke!"

"Mtani hazibwi mdomo," akasema Mwavita. Akaondoa kidole.

Nilisikia Nyungo zikinguruma vibandani. Halafu ile sauti moja isiyo ya mume wala ya mke ikasema: "Hapana." Ikanyamaza. Ikasema tena, kutoka kibanda kingine: "Hapana. Kwanza swali liandikwe upya." Na tena. Mara sita, sauti ileile, na yangu ya mwanzo ilikuwa ileile pia, hata nikahisi kama ni mtu mmoja anayesema, mkubwa kuliko sisi wote.

Profesa alikuwa amesharudisha tabasamu lake. Akazima mtambo kwa mkono wake. "Wamechafuliwa," akasema. "Kikao kimefutwa. Kanuni ya zamani itaendelea mpaka tuite wengine." Akajifuta vidole kwa ileile leso yenye machozi yangu, akamgeukia Mwavita. "Kazi yako imekwisha, bangili yako iache mezani."

Kumbe hata wasiojijua, wakisema asilolitaka mkubwa, hufutwa. Wale sita walitoka wakapewa chai, wakaenda makwao na amani, hawakumbuki kwamba kwa dakika chache walikuwa watu bora kuliko wote niliowahi kuwasikia.

*

Nyamizi alinisikiliza mpaka mwisho, karanga mkononi. Mwavita alikaa kwenye kizingiti, anajikuna kifundo kitupu cha mkono. Jua lilikuwa bado kali.

"Kwa hiyo nilipewa kuishi," Nyamizi akasema, "ukakataa."

"Shemeji, nisingeweza..."

"Uliniuliza?"

Nikatazama maganda ya karanga sakafuni.

"Siku ile ulipokuja na habari zako, nilifungua mdomo. Ukasema niachie mimi." Hakupandisha sauti. "Wale saba hawakumjua dada yangu. Wewe unanijua. Unajua ninavyopenda chai yangu, unajua nilivyolia mwanangu alipokufa. Wao walinyang'anywa akili ndipo wakaamua bila kuniuliza. Wewe ulikuwa na yako yote."

Nilimtafuta wa kumlaumu, kama kawaida yangu. Profesa hakuwepo. Diwani hakuwepo. Barazani pale palikuwa na wanawake wawili na mimi.

"Ungeniuliza," akasema, "ningekuambia kataa, mpumbavu wee. Nilitaka kukuambia hivyo siku ile: usije ukaniombea upendeleo. Lakini lilikuwa neno langu. Si lako." Akakung'uta maganda kwenye kanga. "Inama."

"Nini?"

"Inama, nimesema. Miguu hii hainifikishi."

Nikainama. Akapanda mgongoni, mzito kwa yale maji ya ugonjwa, Mwavita akamfunga kwa kanga kama mtoto.

"Haya, mpagazi," Mwavita akasema, na sauti yake ilikuwa inavunjikavunjika. "Pembe zimekwisha, lakini kazi mnayo bado."

"Wapi?" nikauliza.

"Kwenye hiyo ghorofa," Nyamizi akasema sikioni kwangu. "Nataka niione."

Tulipita katikati ya soko. Watu wakaanza kuuliza, na Mwavita, ambaye sasa hakuwa na kazi ya kupoteza, akawajibu wote kwa mdomo wake wa msibani. Sikugeuka kuona wangapi wanatufuata, nilisikia kandambili zao tu.

Pale hospitali mlinzi alisimama kwenye ngazi za kwenda juu, akanyoosha mkono. "Mzee, huku hakupitwi. Huyo ni nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Nyamizi akajibu mwenyewe. Akataja jina lake, na la baba yake, na la dada yake aliyetolewa kitanda cha chini, na umri wake, na mwezi aliozaliwa. Kisha akanipiga teke la ubavuni, kama mtu anayeharakisha punda.

Nikapanda.